Nani Aliliua Joka la Bahi?

"Kwa hiyo Rahimu mlimtoa nje kwa sababu alikuwa amefungwa," alisema Inspekta Zipora Ndahani.

"Ndiyo, Afande."

"Amefungwa wapi?"

"Kwenye gereza la Mfalme wa Mlima."

"Na hilo gereza liko wapi?"

Ambokile aliinama juu ya meza ya sebule yake, akagusa kwa kidole kijumba cha kalamu nyekundu kilichochorwa kwenye karatasi ya manila. "Hapa," alisema, na usoni hakuwa na chembe ya mzaha.

Zipora alishusha pumzi. Katika kazi yake ya upelelezi pale Dodoma alikwisha kuwahoji wezi wa ng'ombe, matapeli wa viwanja, na mzee mmoja aliyeapa kwamba mtumbwi wake umechukuliwa na jini. Lakini hakuwa amewahi kuketi na watu wazima watatu, wenye kazi zao na heshima zao mjini, wakamweleza habari za gereza la kalamu nyekundu kana kwamba chakula hupelekwa huko kila siku.

Na hawakuwa wanatania. Rahimu mwenyewe alikuwa katika mahabusu ya kweli, yenye kuta na kunguni, tangu jana jioni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi, yaani jana, Bi Stara wa Majengo aliifunga mashine yake ya kusaga akaenda msibani. Pale mashineni alibaki mlinzi peke yake, mzee Hassani. Wakati wa adhana ya alasiri, au karibu na hapo, mtu alimjia Hassani akampiga kichwani. Kisha akaingia ndani, akaifungua pampu ya dizeli kwenye injini, akaondoka nayo. Hassani alikutwa chini na wanawake waliokuja na mahindi yao bila kujua kwamba mashine imefungwa. Mpaka asubuhi hii ya Jumapili alikuwa hospitalini, hajafumbua macho.

Rahimu alikuwa mtoto wa kaka yake Bi Stara, aliyelelewa na shangazi yake huyo tangu akiwa mdogo. Ijumaa walikuwa wamegombana hadi majirani wakatoka nje kusikiliza. Shangazi alitaka kijana aishike mashine. Kijana alitaka kwenda chuo. "Na ife hiyo mashine!" Rahimu alikuwa amepiga kelele, na kesho yake kweli ikafa. Tena Jumamosi hiyo alikuwa nyumbani kwa Ambokile, panapopakana kwa uani na ile mashine, akicheza na wenzake mchezo wa mashujaa na dadu. Na wakati wa alasiri, wakati hasa unaotakiwa, alikuwa ameketi peke yake barazani na hakuna aliyemwona. Askari wa zamu hakuona sababu ya kuhangaika zaidi. Kesho Jumatatu kijana angefikishwa mahakamani kusomewa shitaka. Hassani akifariki, shitaka lingebadilika jina, na hilo jina jipya hakuna mtu pale kituoni aliyependa kulitamka mbele ya Bi Stara.

Zipora peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka, na mashaka yake yalitokana na sakafu. Sakafu ya chumba cha injini ilikuwa kavu. Aliyeichukua pampu alifunga koki ya mafuta kwanza, akalegeza mirija kwa spana ya saizi yake, na hakuna nati hata moja iliyoliwa meno. Hiyo si kazi ya mtu mwenye hasira. Na Bi Stara, alipokuja kituoni asubuhi na kanga ya msibani bado begani, alisema kwa sauti iliyokauka: "Inspekta, mwanangu, huyo mtoto hajui kurudisha hata mnyororo wa baiskeli. Ndiyo ugomvi wetu wenyewe huo!"

Basi Zipora alikuwa anamtafuta fundi. Na fundi aliyeijua injini ile alikuwa mmoja tu, Castory, ambaye ndiye aliyeifunga siku ilipoletwa na ndiye aliyekuwa akiitengeneza. Tatizo ni kwamba Castory naye alikuwa mchezaji. Alikuwa ameketi hapo hapo mezani, amenyoa vizuri, anawamiminia watu kahawa. Na Ambokile na Edina, watu wawili wasio na doa, walikuwa wameandikisha maelezo kituoni na kutia saini kwamba Castory alicheza nao tangu mwanzo mpaka mwisho. Zipora aliwaangalia tena. Hakuona watu waliokula njama. Aliona watu waliochoka, wanaomhurumia Rahimu, na walioamini kabisa walichokisema.

"Nifundisheni," alisema.

"Nini, Afande?"

"Huu mchezo. Nifundisheni, halafu tuirudie Jumamosi yote. Kila mtu akae alipokuwa amekaa."

Walitazamana. Kisha, jambo ambalo Zipora hakulitarajia, nyuso zao zikang'aa. Hakuna mtu mzima pale Dodoma aliyewahi kuwaomba wamfundishe. Wengi walikuwa wakipita dirishani na kutikisa kichwa.

Edina ndiye aliyeanza, akiongea haraka kama anavyopiga taipu. Kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa Bungeni. Ambokile alikuwa karani huko huko. Mchezo uliletwa na mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, aliyepanga chumba jirani na Ambokile. Kabla hajaondoka walikaa pamoja wakatafsiri kanuni zote kwa Kiswahili, Edina akazichapa. Mwalimu akarudi kwao na kitabu chake. Kila mchezaji ana shujaa wake. Msimulizi ndiye anayesema dunia ikoje: hapa pana mto, pale pana majambazi. Mchezaji anasema shujaa wake anafanya nini, halafu dadu inaamua kama ameweza.

"Na kanuni ndizo hizi?" Zipora aliinua bunda la karatasi. Mwanga wa dirisha ukapenya katikati yake.

"Mchwa," alisema Ambokile kwa uchungu. "Niliziacha chini ya kitanda wiki moja tu, niko safarini Mbeya. Wamekula katikati yote, Afande. Wameacha mwanzo wa sentensi na mwisho wa ukurasa."

"Sasa mnachezaje na kanuni nusu?"

"Ah!" Ambokile alinyoosha mgongo. "Tunafanya kama Bungeni. Mwenye shaka anasimama, anaomba mwongozo wa Kiti. Kiti ni mimi. Wenye hoja wanatoa hoja zao. Kiti kinatoa uamuzi, na uamuzi huo unabaki kuwa kanuni mpaka mwisho wa dahari."

"Hata kama ni mbaya?"

"Mbaya ndiyo hasa unabaki," alisema Castory, na wote wakacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, huyo fundi. Ilikuwa vigumu kutompenda.

Basi wakaanza. Ambokile alizima redio, akatandaza ramani vizuri, akapanga mashujaa. Shujaa wa Edina, Binti Upinde, alikuwa kifungo cha koti. Wa Rahimu, mchawi aitwaye Ukungu, alikuwa kipande cha chupa ya kijani kilichosuguliwa kingo zake. Wa Castory alikuwa kitu kingine kabisa. Alikuwa amemchonga mwenyewe kutokana na boliti ya shaba: mtu kamili mwenye kofia na ngao, na nyundo mkononi isiyozidi punje ya mtama. Jemadari Nyundo. Castory alimweka mezani kwa vidole viwili, taratibu, akamgeuza kidogo ili atazame mbele.

"Umekaa naye muda gani?" aliuliza Zipora.

"Tangu mvua za mwaka juzi. Alianza akiwa mbeba maji, Afande! Sasa ana jeshi."

Zipora alidhani atachoka mapema. Hakuchoka. Ambokile, mtu mkavu wa ofisini, alikuwa na sauti nyingine mara mchezo ulipoanza. Alisimulia jinsi mashujaa watatu walivyoteremka mlimani, jinsi Ukungu alivyodanganywa na walinzi akatiwa gerezani. Hapo Rahimu alitolewa nje, kwa sababu kanuni inasema mfungwa haoni wala hasikii, na sehemu inayoeleza kama hilo linamhusu shujaa au mchezaji ilikuwa tumboni mwa mchwa. Kiti kilikwisha kuamua zamani kwamba linawahusu wote wawili. Kisha wawili waliobaki wakafika ukingoni mwa bwawa kubwa, matete marefu kuliko nyumba. Bwawa hilo lilifanana sana na la Bahi wakati wa mvua, kwa kuwa hakuna mmoja wao aliyewahi kuona bwawa jingine. Juu ya bwawa palikuwa na daraja la miti.

"Maji yanatulia," alisema Ambokile kwa sauti ya chini. "Vyura wananyamaza. Halafu matete yanaanza kulala upande mmoja, na hakuna upepo."

Zipora aligundua kwamba ameegemea meza. "Ni nini?" aliuliza.

"Joka."

"Mungu wangu. Mkafanyaje?"

"Binti Upinde alirusha mshale ukadunda!" Edina alidaka. "Gamba gumu! Joka likampiga mkia Jemadari Nyundo, akaning'inia darajani kwa mkono mmoja. Hapo tena hakuna ujanja. Hapo ni dadu ya roho."

Alisukuma mbele dadu nyekundu, kubwa kuliko zile nyingine, yenye pande ishirini. Hiyo hutupwa mara moja tu, alieleza, shujaa anapokuwa kati ya kufa na kupona. Kumi na tano kwenda juu anapona, tena pigo lake linamwua adui. Chini ya hapo amekufa, na hakuna mganga wa kumfufua.

"Ikatupwa?"

"Ikatupwa. Kumi na nane!" Edina alipiga makofi. "Joka likafa, Afande! Tulipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini kabla ya hapo kulichafuka."

"Kulichafuka vipi?"

"Kwa sababu ya hii kanuni." Edina alipekua karatasi zilizotobolewa, akasoma. "'Mchezaji atatupa dadu ya roho kwa mkono wake mwenyewe, isipokuwa...'"

"Isipokuwa nini?"

Edina aligeuza karatasi. Badala ya jibu palikuwa na tundu lenye umbo la maharage.

Hapo wakamsahau Inspekta kabisa. Ambokile alisema neno "isipokuwa" peke yake linatosha kuonyesha kwamba mlango uko wazi, kwamba kuna mtu mwingine anayeweza kutupa. Edina alisema ndiyo, lakini mlango wa nani? Huenda uliandikwa kwa ajili ya shujaa mtoto, au kipofu. Ambokile akasema Bungeni mbunge asipokuwepo mwenzake husimama akauliza swali kwa niaba yake, na swali hujibiwa. Edina akasema ndiyo, ila mbunge aliyepo kitini hawezi kuulizwa swali lake na jirani, Spika angemkalisha chini. "Na ndivyo nilivyoamua!" Ambokile aliitikia, akipiga meza. "Niaba ni halali pale tu mwenye shujaa anapokuwa hayupo mbele ya Kiti. Akiwepo, atupe mwenyewe; akitupiwa, dadu ni batili na shujaa amekufa. Huo ndio uamuzi wa Jumamosi!"

Zipora alikaa wima, na si kwa sababu ya joka.

"Ngojeni kwanza," alisema. "Huo uamuzi uliutoa Jumamosi?"

"Jumamosi, ndiyo."

"Hamkuwahi kuuhitaji kabla ya hapo?"

"Hatukuwahi. Kila mtu alikuwa akitupa mwenyewe."

"Sasa Jumamosi ulihitajika kwa nini?"

Birika la kahawa lilikuwa mkononi mwa Castory, limeinama, halimimini.

"Rahimu alikuwa nje," Edina alisema polepole.

"Rahimu alikuwa gerezani. Joka lilikuwa darajani. Mfungwa hupigwa na joka la darajani?"

"Hapana."

"Kwa hiyo dadu ya roho haikuwa ya Ukungu. Ilikuwa ya nani?"

"Ya Jemadari Nyundo."

"Na katika maelezo yako, Edina, umesema hivi, nayakumbuka: 'Castory alitupa dadu akaliua joka.' Nieleze vizuri. Dadu hii ilitoka kwenye mkono wa nani?"

Edina aliutazama mkono wake wa kulia.

"Wangu," alisema. "Nilitupa kwa niaba yake."

"Ukaandikisha kwamba katupa yeye!"

"Lakini ni yake, Afande! Mbunge akiulizwa swali lake na mwenzake, swali linabaki la mwenyewe. Mimi kila siku naandika hivyo. Sikudanganya. Wallahi sikudanganya, hata haikunijia akilini kwamba..." Alijifunika kinywa.

Zipora alimwamini. Mwanamke huyu alikuwa ametumia miaka akiandika maneno ya mtu mmoja chini ya jina la mwingine, kihalali kabisa, na Jumamosi akili yake ilifanya kazi iliyozoea. Ambokile naye vilevile. Waliulizwa Castory alifanya nini, wakasema alichofanya Jemadari Nyundo. Hakuna askari aliyewauliza kama kiti kilikuwa na mtu.

"Sasa hapo mnanionea," alisema Castory. Aliliweka birika chini na kutabasamu. "Afande, mbona jambo dogo? Nilikuwa hapo mlangoni. Nilikuwa nimetoka kuchukua kahawa jikoni, birika moto mkono huu, vikombe mkono huu. Nikawaambia, Edina, nitupie. Basi. Nilikuwa nasikia kila kitu."

"Ulimsikia akisema hivyo?" Zipora alimgeukia Edina.

"Sikumbuki. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo."

"Na wewe, Ambokile?"

"Macho yangu yalikuwa kwenye dadu, Afande." Karani alikuwa anatokwa na jasho. "Nilijua tu kiti chake hakina mtu. Alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi, kwa kweli... tulikuwa tunabishana."

Castory alinyanyua mabega. Na Zipora, kwa hasira, aliona kwamba mabega hayo yana haki. Mtu aliyesimama mlangoni na birika ni mtu aliyekuwepo. Hakuna wa kumpinga. Wakili yeyote angelichana jambo hili mbele ya hakimu kabla ya saa ya chai, na Rahimu angebaki alipo. Alimtazama fundi yule aliyenyoa vizuri. Castory hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameinama, anafuta kwa kidole tone la kahawa lililorukia ngao ya Jemadari.

Inspekta Zipora Ndahani akasimama. Akavuta blauzi yake ikakaa sawa, akaunganisha mikono nyuma.

"Mheshimiwa Kiti," alisema, "naomba mwongozo."

Ambokile alimkodolea macho. Lakini maneno hayo kwake hayakuwa mzaha, na mazoea yakamshinda. "Endelea," alisema kwa sauti ya ofisini.

"Kiti kimeamua kwamba niaba ni halali pale tu mwenye shujaa anapokuwa hayupo. Mheshimiwa Castory ametamka mwenyewe, sasa hivi, kwamba alikuwepo. Alikuwa mlangoni, akisikia kila kitu. Naomba Kiti kieleze: aliyeko mlangoni na anasikia, yupo au hayupo?"

Ambokile aliupima mlango kwa macho.

"Yupo," alisema Ambokile.

"Kwa hiyo alipaswa kutupa kwa mkono wake."

"Alipaswa."

"Hakutupa."

"Hakutupa."

"Kwa hiyo ile kumi na nane?"

Uso wa Ambokile ulionyesha kwamba inamuuma, lakini alikuwa mtu wa kanuni. "Batili," alisema.

"Na Jemadari Nyundo?"

"Amekufa. Amekufa jana, palepale darajani."

"Ebo!" Castory alicheka. "Afande, mchezo umekukolea kweli!"

"Na joka?" Zipora aliuliza bila kumjibu.

"Joka lipo hai," alisema Edina. Alikuwa ameanza kuelewa, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Na jeshi la Nyundo limetawanyika. Halina jemadari."

"Marehemu huwekwa wapi?"

Ambokile alinyoosha mkono kwenye rafu akateremsha kopo la kahawa lililotoboka, lenye mashujaa waliokufa. Lililia kwa vifungo na mbegu zilizokuwa ndani. Akalifungua. Akamshika Jemadari Nyundo kichwani.

"Mwache," alisema Castory. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Uamuzi umetolewa, Castory."

"Mwache, nimesema! Uamuzi gani huo? Mlangoni ni nje! Kizingiti ni nje!"

"Bungeni aliye mlangoni ameingia," alisema Ambokile. "Hata ukimuuliza mpambe wa Bunge. Ulikuwa unasikia. Umesema mwenyewe."

"Nilisikia kidogo tu!"

"Ulisema kila kitu," alisema Zipora.

"Mwaka mzima na nusu! Nimevuka naye jangwa! Nimemwokoa na sumu, na njaa, na yule mchawi wa kusini! Mnamwua kwa sababu ya birika?"

"Si sisi. Ni kanuni," Zipora alisema. Alijisikia mkatili, na aliendelea. "Laiti ungekuwa mbali. Ungekuwa mbali, husikii kitu, niaba ingekuwa halali na joka lingekuwa limekufa. Lakini ulikuwepo."

Ambokile alimnyanyua Jemadari juu ya kopo. Vidole vyake vikaanza kufunguka.

"Sikuwepo!" Castory alipiga kelele, akamdaka mkono. "Sikuwa mlangoni! Sikuwepo kabisa, nilitoka kabla hata ya joka, nilikuwa kule—"

Nje, mtu alipita na redio iliyokuwa ikiimba kwaya, sauti ikasogea, ikafifia. Castory alibaki ameshika mkono wa rafiki yake juu ya kopo. Alimtazama Zipora, halafu Edina, halafu akatazama chini. Mtu anayejua injini hujua pia sauti ya kitu kilichovunjika ndani, na yeye alikuwa ameisikia.

"Kule wapi, fundi?" Zipora aliuliza kwa upole.

Alipojibu hakubishana tena. Alikuwa na injini yake huko Nzuguni, pembezoni mwa mji, alisema, ameinunua chakavu, ameifufua kipande kwa kipande kwa mikono yake. Kila mtu sasa anafungua biashara ya kusaga, mafundi wao wanabaki kuwa mafundi wa watu. Ilikosa pampu tu. Alikuwa ameisaka hadi Morogoro hakuipata. Na ile ya Bi Stara aliifunga yeye mwenyewe, aliijua kila nati. Jumamosi mashine imefungwa, Rahimu katolewa barazani mbele, mlango wa uani uko wazi, hawa wawili wamezama bwawani. Alijua watabishana muda mrefu. Wanabishana siku zote.

"Ipo Nzuguni?"

"Ipo. Nimeshaifunga." Akasugua uso kwa viganja. "Hassani alikuwa amelala, Afande. Nilidhani nitapita. Akafumbua macho. Ni mzee ananiita mwanangu, yule. Sijui mkono wangu ulifanya nini."

"Mkono ulikuwa wako," alisema Zipora.

"Ndiyo. Wangu."

Edina alikuwa analia sasa bila kujificha. "Na Rahimu uliniacha nimwonee huruma," alisema. "Nimempelekea chai asubuhi, Castory. Wewe ukanipa sukari ya kumpelekea!"

Zipora alimtuma Edina kwa Bi Stara. "Mwambie aje kituoni na nguo safi za kijana. Na mwambie aje haraka, nataka amkute mlangoni." Kisha akamwita koplo aliyekuwa akingoja kivulini upande wa pili wa barabara. Alitaka kucheka, alitaka kumpigia mtu simu, alitaka kuuliza ni nini kilichokuwa ng'ambo ya lile daraja. Alijizuia kwa sababu ya uso wa Ambokile, aliyekuwa ameketi na yule mtu wa shaba mkononi, hajui amweke wapi.

Koplo aliingia na pingu. Castory aliinuka mwenyewe. Alifika mlangoni, akasimama hapo kizingitini, akageuka.

"Mheshimiwa Kiti," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba kitu asichostahili. "Naomba mwongozo."

Ambokile angeweza kumnyima, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini mwongozo ulikuwa umeombwa, na jibu lilikuwepo.

"Kiti kimeridhika," alisema, "kwamba mchezaji hakuwepo. Niaba ni halali. Joka limekufa."

Akamrudisha Jemadari Nyundo darajani, akamgeuza kidogo ili atazame mbele.

Castory akatabasamu, kwa furaha ya kweli kabisa, akainyoosha mikono yake kwa koplo.